Joto Halijui Ijumaa: Uchambuzi wa Mtandao Uliokuwa Ukikatika Kila Asubuhi Mji Mkongwe

Jumatatu tarehe 28 Aprili 2025 nilipiga hodi kwenye nyumba moja ya wageni mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, nguo zimenilowa kwa mvua ya masika tangu Darajani. Nyumba ina vyumba tisa vilivyozunguka ua wa ndani: vitatu chini, vitatu ghorofa ya kati, vitatu juu. Mwenyewe ni mama wa makamo ambaye kila mtu pale humwita Bi mkubwa, nami nikafuata.

"Shikamoo Bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone maradhi yenyewe. Yanaanza asubuhi, Magharibi yamepona."

Maradhi yalikuwa hivi. Kila chumba kina kihisi kidogo kwenye mlango wa roshani au dirisha, na kazi yake ni kuzima AC mgeni akiacha wazi. Juu ya paa kuna tangi la maji lenye kihisi cha kuiambia pampu ya uani iwashe au izime. Bafuni kuna vihisi vya maji yanayovuja. Vyote havina waya, na vyote vinaripoti kwenye kitovu kimoja, kisanduku kilichofungwa chini ya ngazi karibu na mapokezi. Tangu baada ya Sikukuu ya Idi, kila siku asubuhi baadhi ya vihisi vilikuwa vinanyamaza. Jioni vinarudi, vingine havirudi mpaka viunganishwe upya. Tangi limeshafurika mara mbili, maji yakashuka kwenye dari ya chumba namba 8, na dari zenyewe ni za boriti na chokaa. Ukitaka kumtia mtu wa Mji Mkongwe uchungu, mwoneshe boriti inayolowa.

Kabla sijaeleza nilichokikuta, nieleze kwa nini nyumba hii haikuvutiwa waya tangu mwanzo, maana kuna watu wanaoniambia kwamba waya ungemaliza kila kitu. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Niliweka futi ya chuma kwenye dirisha la ngazini nikapata sentimita 58. Ukuta huo hauchimbwi ovyo ukapitisha bomba la waya kisha ukazibwa kwa saruji. Saruji inafunga pumzi ya chokaa, unyevu unabaki ndani, na baada ya misimu michache plasta inaanza kumomonyoka pembeni mwa kiraka. Tena mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko kwenye majengo yake yana utaratibu wa vibali. Kwa hiyo bila waya ni uamuzi sahihi. Shida ni kwamba ukuta ule ule unaotuzuia kupitisha waya ndio unaozuia mawimbi.

Mfumo uliokuwepo ulikuwa wa pili. Wa kwanza aliuleta mpwa wa Bi mkubwa anayeishi ng'ambo, mwaka 2023: vifaa vya Wi-Fi vitupu, kila kimoja na programu yake kwenye simu. Ukibonyeza kuzima AC ya chumba namba 4, amri haikutoka mapokezi ikaenda namba 4. Ilitoka mapokezi, ikapita intaneti, ikafika kwenye seva nchi za mbali, kisha ikarudi Kiponda. Siku za kawaida hilo halionekani, linachukua chini ya sekunde. Likaonekana Jumapili tarehe 12 Mei 2024, pale nyaya mbili za baharini zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kijana wa mapokezi alinihadithia alivyopanda na kushuka ngazi na rimoti tisa ndani ya mfuko wa plastiki. Umeme upo, AC nzima, kisanduku kinawaka taa, na hakuna kitu kinachotii.

Nililitaja hilo kwa Bi mkubwa mapema kwa sababu nilitaka tukubaliane jambo moja: amri za nyumba ziishie ndani ya nyumba. Si suala la intaneti yetu peke yake. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake ghafla, na wateja waliokuwa wametumia vitovu vyake miaka mingi wakaamka hawana programu ya kuviendesha. Kifaa kinachohitaji ruhusa ya seva ya mtu mwingine ili kuzima AC yako umekiazima tu, hata kama risiti unayo.

Fundi wa pili alilielewa hilo, na ninamsifu kwa dhati. Januari 2025 aliondoa vile vya Wi-Fi, akaweka kitovu kipya, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumba iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo inaweza kufanya kazi zake ndani ya nyumba hata intaneti isipokuwepo. Kwa mawasiliano ya vihisi akachagua Zigbee, redio ya nguvu ndogo ya vifaa vya nyumbani. Uchaguzi mzuri kabisa: vihisi vyake vinakula betri kidogo, kidonge kimoja cha betri kinaweza kukaa mwaka na zaidi, na vifaa vinapokezana ujumbe.

Hapo kwenye kupokezana ndipo penye kisa, basi nipafafanue. Siku ya kumwaga zege, karai halibebwi na mtu mmoja kutoka kwenye mchanganyiko mpaka juu. Watu husimama kwenye ngazi, kila mmoja anampokeza mwenzake. Zigbee inafanya hivyo hivyo. Kihisi cha ghorofa ya juu hakina nguvu ya kufika mapokezi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kinampa kifaa cha karibu, nacho kinampa cha chini yake, mpaka ujumbe unafika kitovuni. Lakini si kila kifaa kinapokeza. Vya betri havipokezi, vinalala muda mwingi ili kuokoa betri, vinaamka kusema jambo lao na kulala tena. Wanaosimama kwenye ngazi ni vile vya umeme wa ukutani tu. Fundi wa pili alilijua hilo, akachomeka plagi za Zigbee nyuma ya meza za kitandani, moja kila chumba, ziwe ripita. Haziwashi chochote. Kazi yake ni kusimama kwenye ngazi na karai.

Januari nyumba ilikuwa imejaa wageni na kila kitu kilikwenda. Aprili kikavunjika. Kila mtu akawa na maelezo yake. Mpwa alisema kwa simu kwamba mvua imelowesha kuta, na wimbi la gigahezi 2.4, ambalo Zigbee hulitumia, halipendi maji. Fundi wa pili alisema kitovu kinapata joto: kiko ndani ya kabati la chuma pamoja na ruta, asubuhi kinapashika, jioni kinapoa. Kijana wa mapokezi alisema vihisi ni feki. Mimi mwenyewe, nikiwa bado nimesimama ukumbini na maji yananidondoka, niliegemea upande wa mvua. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linakunywa maji. Ukuta wa Januari wakati wa kaskazi si ukuta wa Aprili.

Lakini mvua haina saa. Mvua ya masika inanyesha usiku, alfajiri, mchana. Kwa nini maradhi yaanze asubuhi peke yake?

Nikafungua kumbukumbu. Hili ndilo tendo ambalo ningependa kila fundi alifanye kabla ya kugusa bisibisi. Home Assistant, usipoibadilisha, huhifadhi historia ya siku 10. Waliotangulia walikuwa wakisoma historia ya vihisi vinavyolalamikiwa. Hiyo haisaidii sana, kwa sababu kihisi cha betri kinaruhusiwa kukaa kimya saa nyingi bila mtu kushtuka, kwa hiyo muda wa kupotea kwake hauko wazi. Nikaacha vihisi, nikafungua historia za plagi. Plagi ina umeme muda wote na haina haki ya kunyamaza. Mfumo ule hungoja dakika 10 tu, kisha hutangaza kwamba imepotea.

Nilikaa kwenye kibao cha mapokezi na daftari nikaandika kwa mkono. Jumatano: plagi ya chumba namba 9 imepotea saa 4:07 asubuhi. Namba 6, saa 4:33. Namba 3, saa 5:02. Alhamisi: namba 9 saa 4:11, namba 6 saa 4:35, namba 3 saa 5:08. Jumamosi karibu vile vile. Juu, kati, chini. Nilipoyaona majina yamejipanga hivyo kwenye daftari nikahisi kama ninamsikia mtu anateremka ngazi.

Kisha nikatazama Ijumaa. Katika siku zile 10 zilikuwemo Ijumaa mbili, tarehe 18 na tarehe 25 Aprili. Zote mbili mpangilio ni ule ule, juu, kati, chini, lakini umesogea mapema zaidi ya saa nzima: namba 9 saa 2:52, namba 6 saa 3:14, namba 3 saa 3:37. Joto halijui Ijumaa. Mvua haijui Ijumaa. Anayejua Ijumaa ni mtu anayetaka kumaliza kazi mapema kabla ya sala.

Nikamuuliza kijana wa mapokezi, nani anapanda juu asubuhi. Akanionesha dada wa usafi, aliyekuwa anakamua deki uani.

"Dada, samahani. Asubuhi ukimaliza chumba kisicho na mgeni, unafanya nini mwisho kabisa?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kama hufunga mlango akitoka. "Nazima swichi, fundi. Ile kubwa nyekundu."

Karibu na mlango wa kila chumba kuna swichi kubwa nyekundu inayokata umeme wa chumba kizima: taa, soketi, AC, kila kitu. Anaanza juu baada ya wageni kunywa chai, anateremka. Chumba chenye mgeni hakigusi. Kisicho na mgeni anakisafisha, anakagua mashuka, anazima nyekundu. Jioni baada ya Magharibi mlinzi wa usiku anaviwasha tena vyumba vitupu kwa saa kadhaa, feni izunguke, kwa sababu masika ukikifunga chumba bila hewa magodoro yanashika ukungu. Hapo plagi zinafufuka, na maradhi "yanapona".

Na kwa nini Januari hayakuwepo? Kwa sababu Januari ni msimu, vyumba vimejaa, hakuna nyekundu inayozimwa. Aprili wageni wanapungua, vyumba sita kati ya tisa vitupu. Mvua na upungufu wa wageni huja pamoja kila mwaka, ndiyo maana mvua ilibeba lawama isiyokuwa yake yote. Jambo jingine lililowapoteza wenzangu ni kwamba chumba kinacholia hakikuwa chumba chenye kasoro. Mgeni wa namba 8 ndiye ambaye AC yake haizimi, lakini plagi ya namba 8 ilikuwa hai. Ujumbe wake ulikuwa ukipita kwenye plagi ya namba 6, na namba 6 imelala. Unatengeneza kihisi cha namba 8 mpaka kinachakaa, na ugonjwa uko ngazi moja chini, nyuma ya mlango uliofungwa.

Kuhisi si kuthibitisha. Siku ya pili, Jumanne, nikamwomba dada asizime nyekundu yoyote. Mvua ilinyesha kutwa, ile ya kuziba mifereji. Hakuna plagi iliyopotea, hakuna kihisi kilichonyamaza. Jumatano tukafanya kinyume: zote ziwashwe, izimwe namba 6 peke yake. Ndani ya robo saa nikaenda kufungua na kufunga milango ya roshani ya juu, nikimpigia kelele kijana wa mapokezi atazame skrini. Namba 8 hakuna. Namba 9 hakuna. Namba 7 ipo, kwa sababu imejishika kwenye plagi ya namba 4. Tulipoiwasha tena namba 6, kihisi cha namba 9 kilirudi baada ya dakika chache. Cha namba 8 hakikurudi mpaka nilipokiunganisha upya. Vihisi vya aina hiyo ni vibishi: vikishampata mpokezaji mmoja vinamng'ang'ania, na akipotea havihangaiki kutafuta mwingine.

Jioni ile tulikaa barazani, Bi mkubwa, dada, na mimi, kahawa ikapita. Nikaeleza nilichokiona. Dada akainamisha kichwa, na hapo nikajuta jinsi nilivyoanza maneno yangu, kwani yalimfikia kama shutuma. Bi mkubwa akamkinga kabla sijajirekebisha.

"Mimi ndiye niliyemwambia azime. Ulikuwepo wewe mwaka ule tulipokaa gizani?"

Nilikuwepo, nilikuwa skuli. Desemba 2009 waya wa umeme unaotuletea kutoka bara chini ya bahari uliharibika, na Unguja ikakaa bila umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mwaka 2008 ilikuwa imeshatokea, karibu mwezi mmoja. Bi mkubwa aliendesha nyumba hii kwa jenereta, akinunua mafuta kwa dumu, akazima chumba kimoja kimoja wageni walivyoondoka. Tangu siku hizo sheria ya nyumba ni moja: chumba hakina mtu, kata. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013 lakini sheria haikubadilika, na kwa bei ya uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, sioni kwa nini ibadilike.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi, na nitalisema waziwazi. Njia rahisi ilikuwa kumwambia dada aache kuzima, na kubandika karatasi juu ya swichi nyekundu: USIGUSE. Nimeziona karatasi hizo kwenye nyumba nyingi. Siku ya kwanza zinaheshimiwa, mwezi wa pili zimefifia, mfanyakazi mpya anakuja, mtandao unakufa tena na fundi anaitwa tena. Tena dada alikuwa sahihi. Anafanya kazi aliyofunzwa, inayookoa pesa kweli, na yenye usalama ndani yake, kwani chumba kilichokatwa hakiwezi kuunguza adapta iliyosahauliwa. Mtandao ndio uliokuja nyumbani mwake bila kuuliza watu wanaishi vipi. Basi mtandao ndio uhame.

Nikauhamishia uani. Nyumba za namna hii zina ua katikati, uwazi unaopanda kutoka chini mpaka paani, na kila ghorofa ina ukumbi mwembamba unaouzunguka. Watu wa zamani waliuacha uwazi ule kwa ajili ya hewa na mwanga. Mawimbi nayo yanautumia. Kutoka mapokezi kwenda ghorofa ya juu kupitia vyumbani unavuka kuta na sakafu za mawe. Kupitia uani unavuka hewa tupu. Nilisimama ukumbi wa juu na ripita moja mkononi, imechomekwa kwenye waya wa kuongezea, nikatazama kipimo cha ubora wa mawasiliano, ambacho huenda kutoka 0 mpaka 255. Kutoka ndani ya chumba namba 9, mlango umefungwa, kilikuwa 38. Hatua nne nje, kwenye ukingo wa ua, 150 na kitu.

Tukaweka ripita sita, mbili kila ghorofa, juu ya vizingiti kuzunguka ua, zinazopata umeme kutoka kwenye mzunguko wa taa za ukumbi usiopita kwenye swichi yoyote nyekundu, na mzunguko huo una betri ya akiba. Zile plagi za vyumbani nikaziondoa zote. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika: ukiziacha, vile vihisi vibishi vitazing'ang'ania zikiwaka na kuwa yatima zikizimwa. Afadhali mpokezaji asiwepo kabisa kuliko awepo nusu ya siku.

Bi mkubwa aliuliza swali moja tu: hizo sita zinakula uniti ngapi? Nikamfanyia hesabu kwenye daftari. Ripita moja ni kiasi cha nusu wati. Kwa mwaka mzima ni uniti nne na nusu hivi. AC ya chumba, ikila kilowati moja, inamaliza kiasi hicho kwa saa nne na nusu. Sita kwa pamoja ni kama uniti 26 kwa mwaka. Akasema, "Basi hizo zisizimwe." Dada akauliza kama na yeye aendelee na nyekundu. Endelea, nikamwambia, kama ulivyokuwa.

Zilikuwepo kasoro nyingine, nitazipitia haraka. Kabati la chuma: fundi wa pili alikuwa na hoja, ila kuhusu chuma zaidi kuliko joto. Antena ndani ya sanduku la chuma ni kama kuzungumza na mtu ukiwa umeingiza kichwa ndani ya pipa. Tukakitoa kitovu nje. Antena ya Zigbee ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB 3.0, jirani na diski. Intel walishaandika mwaka 2012 kwamba USB 3.0 inamwaga kelele kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Waya wa kuongezea wa mita moja na nusu, antena ikasogezwa mbali, kelele ikaisha.

Ya tatu ni chaneli. Zigbee ina chaneli 16, kuanzia 11 mpaka 26, kila moja mbali megahezi 5 na jirani yake. Kitovu kilikuwa kwenye chaneli 11, yaani megahezi 2405, ambayo imefunikwa kabisa na Wi-Fi chaneli 1. Nilipanda darini na simu nikahesabu mitandao 19 ya Wi-Fi ya majirani, maana Kiponda nyumba za wageni zimegusana mabega. Nikahamia Zigbee chaneli 25, megahezi 2475, juu ya ukomo wa Wi-Fi chaneli 11. Namba zisiwachanganye: chaneli 11 ya Zigbee na chaneli 11 ya Wi-Fi hazihusiani hata kidogo, moja iko mwanzo wa masafa na nyingine karibu na mwisho. Kuhama chaneli kuna gharama yake. Vihisi vilivyokuwa vimelala havikusikia tangazo, na nilitumia mchana mzima kuviunganisha upya kimoja kimoja. Viwili nilivikuta na ukoga wa kijani kwenye vyuma vya betri, chumvi ya bahari, nikavisafisha kwa spiriti.

Mpwa alipiga simu siku ya mwisho, na alikuwa na maswali mazuri. La kwanza: kwa nini si Z-Wave, redio nyingine ya vifaa vya nyumbani, ambayo hutumia masafa ya chini na hupenya kuta vizuri zaidi? Ni kweli inapenya zaidi. Lakini Z-Wave ina masafa tofauti kwa kila eneo la dunia: Ulaya ni megahezi 868.42, Marekani ni 908.42, na kifaa cha huku hakisemezani na kitovu cha kule. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaleta kufuli moja kutoka Marekani, liko kwenye droo ya mapokezi, halijawahi kusema neno na kitovu chochote cha hapa. Sitaki nyumba ambayo kihisi kikifa lazima mtu asafiri nacho kwenye begi kutoka nchi moja mahsusi.

La pili: kwa nini si Matter, si ndiyo mpya? Matter, iliyotoka Oktoba 2022, ni lugha ya vifaa vya nyumbani kusemezana, si redio. Inasemwa juu ya Wi-Fi, juu ya waya wa mtandao, au juu ya Thread. Na Thread inatumia redio ya jamii moja na Zigbee, masafa yale yale ya gigahezi 2.4, na yenyewe vilevile inategemea vifaa vya umeme wa ukutani kupokeza. Tungebadilisha kila kifaa ndani ya nyumba kwa gharama kubwa, na swichi nyekundu ya namba 6 ingeukata mtandao mpya kama ilivyokuwa ikiukata wa zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya ripita.

Nimeandika haya mwisho wa Juni. Mvua imekwisha, wageni wanarudi, na tangu tarehe 3 Mei kihisi kimoja tu kimepotea, cha bafu la namba 5, kwa kuishiwa betri. Dada ndiye aliyeligundua. Nimemfunza kusoma asilimia za betri kwenye skrini ya mapokezi kila Jumamosi, na ana boksi lake la betri za kidonge kwenye kabati la mashuka.

Chumba namba 2 bado sijaridhika nacho. Kiko chini, nyuma ya ngazi, na kati yake na ua kuna kuta mbili. Nilipitisha ripita ya saba kwenye tundu la hewa juu ya mlango wake, likitazama ukumbini, na sasa kipimo kinasoma 71. Kwa ukuta mkavu kinatosha. Mvua za vuli zikianza nitakwenda kukipima tena, asubuhi, nyekundu za jirani zote zikiwa zimezimwa.